Tulivyotafuta Baridi Kutoka Kitui Hadi Matiliku

Tangu turudi, kila ninayekutana naye sokoni au kanisani ananiuliza tulifikaje na mama katika jua lile. Kueleza kwa mdomo kunanishinda. Nikifika katikati sauti inakatika, na mtu ananishika bega na kuniambia basi, inatosha. Kwa hivyo nimeandika. Mimi niliishia darasa la nane, na nimezoea kuandika hesabu ya mawe na saruji tu. Mnisamehe pale maneno hayakukaa sawa.

Kwanza niondoe jambo moja. Wengine wenu mmesikia kwamba fundi wa Wamunyu alitudanganya na kutuharibia AC ya gari. Aliyesema hayo ni mimi, kwa simu, nikiwa na hasira, na wengine wakayachukua kwangu. Si kweli. Yule hakutudanganya. Kosa lilikuwa langu, na mtaliona likifika.

Aliyefariki ni Muthama, kaka yangu, aliyekuwa na boma lake Matiliku. Tulizaliwa wawili tu. Mama yetu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, anakaa nami hapa Kitui kwa sababu ya kliniki. Moyo wake ni dhaifu na kifua chake kinafunga akipata vumbi. Nilipomwambia daktari kuhusu mazishi, alinivuta nje ya mlango ili Mwaitu asisikie.

"Joto na vumbi, hapana," alisema. "Kama una gari lenye hewa baridi na madirisha yafungwe, mpeleke. Kama huna, mwache hapa. La sivyo utazika wawili."

Mwaitu naye alisema lake. "Mtoto wangu hafunikwi udongo kabla sijamwona uso."

Nilikuwa katikati ya maneno hayo mawili.

Kitui hadi Kwa Vonza

Jirani yangu Mutuku ana pikapu ya milango minne anayobebea ndengu, na siku zote alikuwa akijisifu kwamba AC yake inaweza kugandisha maziwa. Alijitolea kutupeleka. Mwaitu alikaa kiti cha nyuma na mke wangu Ndinda, mimi nikakaa mbele.

Marafiki wa Muthama wa hapa Kitui walikuwa wamechapisha bango la plastiki lenye picha yake akiwa na suti ya harusi ya binti yake. Lilikuwa na upana wa gari. Mwaitu alitaka litangulie. "Yeye awe mbele, sisi tumfuate," alisema. Basi asubuhi ya safari nililifunga mimi mwenyewe kwa vipande vya mpira wa tyubu, kona za juu kwenye boneti, za chini kwenye bampa la mbele, kutoka taa hadi taa. Nilivuta kila fundo hadi likalia. Nilitaka Muthama asipeperuke ovyo.

Tuliondoka saa moja. Kulikuwa na ubaridi wa asubuhi na hakuna aliyefikiria AC. Mwaitu alikuwa akiomba kwa sauti ndogo, kwa Kikamba, akitaja jina la kila kilima tulichopita.

Karibu na Kwa Vonza jua likawaka. Mutuku akabonyeza kitufe. Hewa ikatoka. Nikaweka kiganja changu pale inapotokea, nikakiondoa, nikakirudisha.

"Mutuku, hii ni moto."

"Ngoja. Inaanza hivyo."

Tulingoja. Ilikuwa kama pumzi ya ng'ombe. Mutuku akaongeza, akapunguza, akaipiga dashibodi kofi. "Jana ilikuwa inanitetemesha! Haki ya Mungu, Musyoka, jana nilivaa koti humu ndani."

"Jana hatukuwemo," Ndinda akasema kutoka nyuma. "Mama anatoka jasho."

Wamunyu

Tulisimama kwa fundi wa kwanza tuliyeonyeshwa, mtu wa miaka thelathini hivi, anaitwa Kyalo. Alipoliona bango alivua kofia yake kabla ya kutusalimu. Ili kufungua boneti ilibidi afungue kona za juu. Alizifungua polepole, akalikunja bango kuelekea chini kwa mikono miwili kama mtu anayekunja kitambaa cha meza ya Bwana, kisha akaniambia, "Mzee, shika hapa. Nisimpake oili."

Kwa hivyo nilisimama mbele ya gari nikimshika kaka yangu, nimemrudisha nyuma kuelekea kifuani kwangu, mbali na uchafu. Nikasimama hivyo karibu saa nzima. Kyalo aliunganisha mipira yake, akapima gesi, akasema imepungua kidogo, si sana. Akaongeza. Akawasha gari.

"Weka mkono," akaniambia.

Nikampa Ndinda bango ashike, nikaingiza mkono. Baridi. Baridi kabisa, ya kuumiza vidole. Mwaitu, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha duka akipepewa, akarudi ndani na kusema, "Asi! Kumbe kuna baridi ya Limuru humu." Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akitabasamu tangu tupate habari.

Nililifunga bango upya. Na kwa kuwa lilikuwa limelegea kidogo, safari hii nilikaza zaidi.

Masii

Hatukuwa tumefika Masii hewa ikarudi kuwa moto. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi, na mshale wa joto la injini ulianza kupanda. Mutuku akazima AC ili kuokoa injini. Tukafungua madirisha kidogo. Barabara ilikuwa inachimbwa upande mmoja, lori la mchanga likatupita, na vumbi likaingia lote. Mwaitu akaanza kukohoa. Ninyi mliokuja nyumbani kwangu mnakijua kile kikohozi. Kinaanza kama cha mtu anayesafisha koo, halafu hakina mwisho.

Tulisimama Masii. Ndinda alikimbia akanunua chupa nne za maji yaliyoganda, akazifunga kwa leso na kumwekea Mwaitu shingoni na miguuni. Tulikuwa na muthokoi wa mahindi na maharagwe, na chai ya kutoka nyumbani. Mwaitu hakugusa. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda.

Ndipo nilipompigia Kyalo. Sitaandika yote niliyomwambia. Nilimwita mwizi. Nikamwambia ameuza hewa kwa watu waliofiwa.

"Mzee," akajibu, "hapa ilikuwa baridi. Wewe mwenyewe uliweka mkono."

Nikamkatia simu. Nilijua anasema kweli na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Sasa nitasema jambo ambalo hata Ndinda hakulijua hadi tuliporudi. Nilimwita Mutuku nyuma ya gari nikamwambia tugeuze turudi Kitui. Mwaitu tutamwambia kwamba mazishi yameahirishwa hadi wiki ijayo, na atakapojua ukweli Muthama atakuwa ameshazikwa na yeye atakuwa hai.

Mutuku alitazama viatu vyake. "Kugeuza, nitageuza. Gari ni lako leo. Lakini hayo maneno utayasema wewe, mimi nikiwa naendesha tu. Usinitazame kwenye kioo."

Nikazunguka hadi mlango wa Mwaitu. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Yeye alinitangulia.

"Wanatungoja?" akauliza.

"Wanangoja, Mwaitu."

"Basi mbona umesimama hapo?"

Nikapanda. Mutuku akapinda kuelekea Tawa.

Tawa

Hapa ndipo watu walipotushangaa. Mutuku alisimamisha gari mbele ya duka la mama mmoja mnene mwenye kicheko, akateremka kwa haraka akauliza, "Mama, hapa kuna mtu anaweza kutupatia baridi? Tuna mtu ndani, na kwa hili joto hatafika."

Yule mama alitazama bango. Akatazama vioo vya nyuma, ambavyo Ndinda alikuwa ameviziba kwa leso kuzuia jua. Kicheko kikamwisha.

"Mmetoka naye wapi?"

"Kitui."

"Kitui mpaka hapa, bila jeneza? Mmemkalisha kwenye kiti?" Akageukia wenzake. "Jamani, njooni muone! Hawa watu wamemkalisha kwenye kiti!"

Watu wakaja. Mzee mmoja akaanza kutuelekeza mahali pa kuhifadhia maiti, akihesabu kona kwa vidole. Mwingine akasema hayo ni matusi kwa marehemu, tuitiwe chifu. Mutuku alikuwa akipunga mikono na hakuna aliyemsikia. Ndipo leso ya dirishani ikasogea na kioo kikashuka.

"Mimi bado," Mwaitu akasema.

Mwanamke mmoja alipiga nduru na kudondosha beseni la nyanya. Halafu, sijui nani alianza, watu wakacheka, na yule mama wa duka akacheka hadi akashika nguzo, kisha akaja kumshika Mwaitu mkono kupitia dirishani akiomba msamaha na kulia kidogo, yote kwa pamoja. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiangalia jinsi Mwaitu alivyovuta pumzi baada ya kusema maneno yale mawili.

Tulipomweleza vizuri, yule mama alisema Tawa hapakuwa na fundi wa AC siku ile. "Lakini friji yangu ilitengenezwa na Hamisi wa Mbumbuni. Ilikuwa imekufa na akaifufua. Baridi ni baridi tu. Mwendeeni."

"Ni fundi wa friji, si wa gari," nikasema.

"Una mwingine?"

Sikuwa naye. Mutuku alisema kutoka Mbumbuni kuna njia ya kutokea mji wa Wote, ulio njiani kuelekea Matiliku. Simu ikalia. Alikuwa Syombua, mke wa Muthama.

"Shemeji, mko wapi? Mwili umeshafika nyumbani. Hema limekuwa kama jiko. Wazee wa kanisa wanasema saa nane, haiwezi kupita hapo."

Nilimwambia tutafika. Nilisema hivyo bila kujua.

Mbumbuni

Njia ile ni ya vumbi, na kwa hivyo madirisha tuliyafunga kabisa. Tulikuwa watu wanne ndani ya kitu kama tanuri. Chupa za Ndinda zilikuwa zimeyeyuka zote. Mwaitu alikuwa amelaza kichwa kwenye bega la Ndinda na hakuwa akiomba tena. Kila baada ya muda niligeuka na kumuuliza, "Mwaitu?" naye akainua kidole kimoja. Nilikuwa nikihesabu muda kati ya swali na kidole.

Hamisi tulimkuta uani kwake katikati ya friji kuukuu. Ni mzee wa miaka sitini hivi, mwenye kanzu iliyokunjwa hadi magotini. Alizaliwa Kitui mjini, ingawa babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake ni kile kilichonyooka ambacho sisi hatukiwezi. Aliposikia tunachotaka alitikisa kichwa.

"Bwana, mimi gari silijui. Nisije nikawapotezea muda na mama yuko katika hali hii."

"Tazama tu," nikamsihi.

Alilizunguka gari. Alipofika mbele akasimama.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye. Kaka yangu."

"Mwenyezi Mungu amrehemu." Hakugusa boneti. Akainama, akachungulia chini ya bango, akasimama. "Nani aliyelifunga?"

"Mimi."

Akanishika mkono na kunipeleka kwenye kona ya ua, mbele ya friji moja ndefu nyeupe. Mimi roho ilikuwa ikiniwaka. Mama anakata pumzi, na huyu ananionyesha friji!

"Mwenye hii," akaanza kwa utaratibu, "aliniletea akisema imekufa. Haikufa. Alikuwa ameisukuma hadi ukutani, na nyuma yake kachomeka magunia. Friji hutolea joto lake mgongoni. Ukiuziba mgongo, joto halina pa kwenda, linabaki humo humo."

Nikaitikia. Kusema kweli nilidhani anataka kuniuzia.

Akaona sijaelewa. Akatazama chini. "Bwana, gari nalo hutolea joto lake mbele. Pale nyuma ya taa kuna redieta mbili. Ile ndogo ndiyo ya baridi. Inataka upepo." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Sikutaka kuyasema mbele ya mama."

Nilisimama pale. Nikamwona tena Kyalo kichwani mwangu akilikunja bango kwa mikono miwili, na mimi nikilishika mbali na gari saa nzima, na ile baridi iliyoumiza vidole. Nikaona mafundo yangu ya Wamunyu, niliyoyakaza zaidi. Kutoka Kitui mtu aliyekuwa akimziba mama yangu hewa alikuwa mimi, na nilimziba kwa uso wa mwanawe. Kyalo, Mutuku, umati mzima wa Tawa, wote walikuwa wamelitazama bango lile na kuinamisha macho, kama watu wenye adabu.

Nilirudi hadi mlangoni kwa Mwaitu. Sikujua niseme vipi, nikasema ilivyo.

"Mwaitu, bango ndilo linalozuia baridi."

Alifumbua macho. "Ni Muthama ananizibia?"

"Hapana. Ni mimi niliyemfunga pale."

Alinitazama. Ninaweza kuwaambia kwamba hakukuwa na hasira machoni pake, na ningependelea iwepo.

"Basi mfungue," akasema. "Mlete huku ndani."

Mafundo yalikuwa yameingia ndani kwa joto. Hamisi alinipa kisu, lakini nilishindwa kukata karibu na uso, nikafungua kwa kucha na meno hadi la mwisho. Mutuku akawasha gari. Feni ikavuma. Tulisubiri, wote wanne na Hamisi, mkono wangu ukiwa pale inapotokea hewa. Ilitoka moto. Ikatoka vuguvugu. Kisha ikapoa, na ikaendelea kupoa.

Ndinda ndiye aliyelia. Hamisi alikataa malipo, akaleta jagi la maji ya ukwaju, akasimama mlangoni mwa gari hadi Mwaitu akanywa nusu kikombe.

Wote

Kuhusu Wote nina machache. Mutuku aliendesha vile ambavyo sitamruhusu tena. Mshale wa joto ulikuwa umelala. Bango lilikuwa limetandazwa juu ya magoti ya Mwaitu, picha ikitazama juu, na kikohozi kilikuwa kimetulia. Tukiwa tumekwama kati ya mikokoteni ya soko, Mwaitu akasema, "Nasikia baridi miguuni."

Hakuna aliyethubutu kugusa kitufe.

"Mwaitu, vumilia," Mutuku akamwambia. "Hiyo baridi tumeitafuta wilaya mbili."

Pale pale nilimpigia Kyalo nikamwambia kila kitu. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuambia ushike. Nilikuwa naogopa kumchafua, sikuwaza kingine." Nikamwambia asinibebee kosa langu. Akasema pole kwa msiba.

Matiliku

Tuliingia bomani saa nane na dakika chache. Watu walikuwa wamesimama, wimbo wa mwisho ulikuwa umeanza. Upepo ulikuwa ukizungusha vumbi jekundu uani kote, na chini ya hema watu walikuwa wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Nilitazama umbali kutoka gari hadi hemani. Hatua sitini. Nikaukumbuka uso wa daktari.

Syombua alikuja mbio. Nilimweleza kupitia dirisha lililofunguka kidogo tu. Alimtazama mama mkwe wake, akageuka, akatembea hadi kwa wazee wa kanisa. Sikusikia walichosema. Mmoja alitikisa kichwa, akaonyesha saa yake. Syombua akasema tena, na sasa alikuwa ameinua sauti hata mimi nikasikia: "Kama yeye hawezi kwenda kwa mwanawe, mwanawe ataenda kwake."

Wanaume sita wakainua jeneza. Wimbo ulisimama. Walilileta hadi ubavuni mwa pikapu na kulishikilia usawa wa kiti, kifuniko kimefunguliwa, na mimi nikafungua mlango. Ndinda alitandaza leso juu ya mlango vumbi lisiingie. Mutuku alikuwa mbele, mguu wake ukikanyaga mafuta taratibu ili baridi isipungue.

Mwaitu aliinama. Alimtazama. Hatukusikia kitu ila injini. Jeneza lilianza kuwalemea wale sita na hakuna aliyesema literemshwe. Mwaitu alimrekebisha Muthama kola ya shati, upande wa kushoto, uliokuwa umekunjika.

"Sawa," akasema. "Mpelekeni."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, penye jua tupu. Mutuku alizungusha gari hadi karibu, akakanyaga mistari miwili ya ndengu za Syombua, wala Syombua hakugeuka. Mwaitu alifuata yote kupitia kioo. Ulipofika wakati wa familia kutupa udongo, niliuchota kwa sahani nikampelekea. Alijaza ngumi. Nilidhani atanipa papo hapo nikautupe kwa niaba yake. Aliushika, akafumba macho, akakaa hivyo na mlango umefungwa, na watu wote wakamngoja pale juani, hata yule mzee aliyeonyesha saa yake.

Kisha akagonga kioo, nikafungua, akaumimina kiganjani mwangu.

Udongo wa Matiliku siku ile ulikuwa wa kuchoma. Ule aliokuwa ameushika ulikuwa umepoa humo garini. Nilitembea nao haraka, nikaufunga mkononi, nikautupa kaburini wa kwanza kabla haujapata joto.